Wiki Sita na Pini Mdomoni

Chumba cha Cherehani,
Ghorofa ya Kwanza, Juu ya Duka la Vitasa.
Jumapili, tarehe 9, baada ya adhuhuri.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya, wewe, wifi yangu na wanao wawili. Kile kikohozi kimekwisha? Uliandika kwamba unakunywa maji ya moto na kulala na soksi. Soksi haiponyi kifua, lakini sitaki kuanza barua kwa kukufokea. Huku sisi wazima, alhamdulillahi, ila goti langu la kulia limechoka kukanyaga cherehani na linaniambia hivyo kwenye kila ngazi. Shemeji yako tangu astaafu kufundisha hesabu anasahihisha magazeti kwa kalamu nyekundu, halafu ananisomea makosa ya watu wakati nakula.

Usishtuke kuona mwandiko huu. Najua kwa miaka tisa umezoea mwandiko wa shemeji yako ulionyooka, na mimi naongezwa chini kabisa, "na dada anakusalimu." Leo naandika mwenyewe. Vumilia herufi, mkono wangu umezoea chaki ya kitambaa. Kwa nini naandika mwenyewe utajua mbele, na usiruke kurasa, maana nakujua.

Habari yenyewe ni ya mpwa wako. Amefika miaka thelathini na moja, ni mfamasia, siku nzima anasoma miandiko ya madaktari bila kulalamika, kwa hiyo tabia yangu hakuirithi. Unaikumbuka ile posa ya miaka mitatu iliyopita? Shemeji yako alikuandikia kwamba haikuwa riziki. Hiyo ni adabu yake tu. Ukweli ni kwamba shangazi wa yule kijana aliingia sebuleni kwangu, akabonyeza kiti kwa kidole, akasema viti vyetu vigumu. Nikamwambia kama viti havimfai basi akalie ulimi wake, ni mrefu wa kutosha. Chai haikunyweka. Walitoka wote kwa mstari, na baadaye kijana akarudi peke yake kuchukua viatu vya shangazi yake.

Mpwa wako hakunilaumu. Alikusanya vikombe vikiwa vimejaa, akamwaga chai, akaviosha kimoja kimoja, akavipanga kabatini. Tangu siku ile kila ninachosema anajibu, "Sawa, mama." Nikisema chakula hakina chumvi, sawa mama. Nikisema abebe mwavuli na jua linawaka, sawa mama. Mimi nikajisifu kwa majirani kwamba nimelea mtoto mtulivu.

Mwaka huu akaja mwingine, fundi wa lifti. Kazi yake ni kuwatoa watu waliokwama kati ya ghorofa na ghorofa, na anazungumza nao maneno mazuri kupitia upenyo wa mlango mpaka watoke. Nikampenda hapo hapo. Mpwa wako akanikalisha kitandani, akanishika mikono, akasema, "Mama, Jumanne mama yake atakuja kwako kushonewa gauni. Nakuomba kitu kimoja. Mvumilie." Nikamuuliza, hilo tu? Akasema, "Hilo tu. Likiharibika hili, sitaleta mwingine." Hakutoa machozi. Alilisema kwa sauti ile anayomweleza nayo mgonjwa dawa ameze mara ngapi kwa siku. Hapo nikaogopa, Kitinda, maana kwa sauti ile huwa hatanii.

Nikapiga moyo konde nikaenda kwa Ustadha, anayetufundisha dini akina mama kila Alhamisi. Nikamwambia nataka subira, na naitaka kabla ya Jumanne. Ustadha akacheka, lakini siku hiyo somo zima akaligeuza kuwa la subira. Akatueleza kwamba ina sehemu tatu: kudumu kwenye ibada hata mwili ukikataa, kujizuia na maasi hata nafsi ikitaka, na kupokea mtihani bila kumnung'unikia Mwenyezi Mungu. Nikamuuliza mama mkwe wa mwanangu anaingia sehemu ipi. Akasema inategemea na mtu, wengine huingia zote tatu.

Akatufundisha pia kwamba mwenye nguvu si yule anayeangusha watu kwenye mieleka, ni yule anayejizuia wakati wa hasira. Kwamba ukikasirika umesimama, ukae, na ikizidi, ulale. Na kwamba maji ya udhu huzima hasira. Mwisho akatusimulia ya yule mwanamke aliyekuwa analia kaburini. Mtume, rehema na amani zimshukie, akampitia na kumwambia asubiri, na yeye bila kumjua akamfukuza kwa maneno makali. Alipoambiwa alikuwa anasema na nani, akaenda kuomba radhi, akaelezwa kwamba subira hasa ni pale pigo linapotua mara ya kwanza. Ustadha alipofika kwenye yale maneno makali, wenzangu wote wakanigeukia. Sijui kwa nini.

Daftari sikuwa nalo. Nilikuwa na kiolezo changu cha mkono kwenye mkoba, ile karatasi ngumu tunayoilaza juu ya kitambaa na kuifuata kwa mkasi. Nikaandika juu yake kwa kalamu nene: NYAMAZA. UKIKASIRIKA, KAA. IKIZIDI, LALA. TAWADHA. Ishike akilini karatasi hiyo, maana ndiyo iliyoniponza.

Jumanne ya kwanza mgeni akaja. Nitamwita Mama Taratibu, kwa sababu neno hilo analisema kabla ya kukaa, baada ya kukaa, na katikati. Ngazi za kuja kwangu ni kumi na nane. Nilimsikia tangu ya kwanza, nikapiga pasi shati zima, na kola, kabla hajagonga mlango. Alileta kitambaa cha hariri ya kijani, kimefifia kidogo kwenye mikunjo, na alipokiweka mezani hakukiachia mara moja. Akaanza kunieleza habari zake. Kitinda, alieleza. Alianza na mwaka, akaukosea mwaka, akarudi nyuma kuutafuta mwaka mwingine, akaupata, akasahau aliutafutia nini. Mimi nilishajiwekea dawa yangu mwenyewe ya kunyamaza: nimejaza pini mdomoni, kwa hiyo hata nikitaka kusema siwezi. Nikawa natabasamu kwa macho tu, huku nahesabu viraka vya rangi kwenye dari. Sikusikia hata nusu. Nilichodaka ni mwisho: gauni la kuvaa kwenye harusi ya mwanawe, mikono mirefu, na kitakachobaki kiwe mtandio.

Alipoondoka nikabaki na hasira ya saa moja na nusu isiyo na pa kwenda. Mdomo nilikuwa nimeufunga, basi ikashukia mkononi. Nikachukua mkasi nikakata gauni zima kwa mkupuo mmoja, mbele, nyuma, mikono. Kiolezo cha mkono nilikilaza maandishi yakiwa juu, ili nisome huku nakata. NYAMAZA. UKIKASIRIKA, KAA. Nikakata mkono wa kwanza nikisoma. Nikakata wa pili nikisoma. Nikajiona nimekuwa mcha Mungu kweli kweli.

Jumanne ya pili akalijaribu. Akajitazama kwenye kioo, akasema labda hapa begani, upande wa kulia, panamvuta kidogo, lakini si kitu. Nikalegeza. Jumanne ya tatu akasema sasa pamejikunja, lakini si kitu. Nikabana. Jumanne ya nne akasema yeye si fundi, fundi ni mimi, ila anaona kama mkono unataka kwenda upande wake. Nikafumua kwapa lote nikashona upya, pini mdomoni, na machozi ya hasira yananilenga.

Na kwa kweli nilimwona ana mkono wa ajabu. Akilivaa lile gauni tu, mkono wa kulia unajipinda, kiwiko kinatazama mbele na kiganja kinatazama nyuma kama cha mtu anayepokea kitu kwa siri. Nikasema hii ni baridi yabisi, maskini. Nikampa chupa ya mafuta ya kuchua ya shemeji yako, nikamwonyesha kwa ishara ajichue asubuhi na jioni, na nikamtia kwenye dua zangu. Aliitazama ile chupa muda mrefu. Akasema ahsante, akaiweka kwenye mkoba.

Nyumbani nilikuwa najigamba. Kila nilipojizuia kumjibu nilichora mstari wa chaki ukutani, karibu na cherehani, kama tulivyokuwa tukihesabu mabao utotoni. Jumanne ya tano ilikuta mistari ishirini na sita. Nikamwonyesha shemeji yako thawabu zangu. Akavua miwani, akauliza, "Ustadha si alisema wanaosubiri watalipwa bila hesabu? Sasa wewe unayehesabu ni nani?" Nikachora wa ishirini na saba, kwa sababu na yeye sikumjibu.

Hiyo Jumanne ya tano ndiyo iliyonimaliza. Mama Taratibu alijitazama kwenye kioo kwa kitambo, akashusha pumzi, akasema labda turudishe tu kama ilivyokuwa mwanzo. Nilikuwa nimesimama, basi nikakaa. Hasira ikapanda nikiwa nimekaa. Ikizidi, lala, na mimi nilikuwa nimemwahidi mwanangu. Nikalala. Pale pale sakafuni, juu ya vipande vya nguo, chali, pini mdomoni, macho darini. Mama Taratibu akasimama juu yangu na gauni likiwa nusu mwilini, akaniuliza kama ni kizunguzungu. Nikatikisa kichwa kwamba sijambo. Tukawa hivyo kwa muda, yeye amesimama na mimi nimelala. Baadaye akalivua gauni mwenyewe, akalikunja, akashuka zile ngazi kumi na nane bila kusema taratibu hata mara moja. Mimi nikanyanyuka, nikaenda kutawadha. Siku hiyo nilitawadha mpaka shemeji yako akauliza kama bomba limeharibika.

Jumanne ya sita alikuja mapema kuliko kawaida yake, maana yake alichelewa nusu saa tu. Alikuwa na mfuko mkubwa mtupu. Sikujiuliza wa nini. Akalivaa gauni, nikabandika pini, na kabla hatujamaliza alasiri ikaingia. Akasema yeye ana udhu, ataswali kwanza hivyo hivyo. Nikamchomoa pini. Chumba changu unakijua, ni chembamba. Mkeka wake ukawa mbele na wangu nyuma yake, kila mtu na swala yake. Mimi nikaanza, yeye bado anatengeneza mtandio.

Ndipo akainua mikono kuanza. Wa kushoto ukafika begani. Wa kulia ukaishia kifuani, ukakataa.

Najua macho yanatakiwa yawe mahali pa kusujudia, lakini alikuwa mbele yangu mzima, na ilikuwa mara yangu ya kwanza katika wiki sita kumwona kwa nyuma. Fundi humzunguka mteja, hilo tulifundishwa siku ya kwanza. Mimi wiki zote hizo nilikaa mbele yake nauchunga uso wake nisije nikalipuka. Sasa nikauona mshono wa kiwiko ulipo, nikauona mzunguko wa bega ulivyogeuka. Kitinda, mama wa watu hana baridi yabisi. Mkono wake wa kulia nilikuwa nimeuvika wa kushoto.

Kiolezo cha mkono huwa kimoja. Ukishakata wa kwanza unakigeuza, kilichokuwa juu kinalala chini, ndipo unakata wa pili. Hata aliyeanza kujifunza jana analijua hilo. Mimi sikukigeuza, kwa sababu ningekigeuza nisingeweza kusoma somo langu la subira.

Na nisingeweza kusema lolote. Nilikuwa kwenye swala, nina rakaa nne mbele yangu, na aliye mbele yangu anaswali taratibu. Rakaa ya kwanza nikamlaumu aliyefuma kile kitambaa, kwa nini kina uso na mgongo, mkono usiweze kugeuzwa tu. Ya pili nikamlaumu Mama Taratibu, kwa nini hakusema. Ya tatu nikamlaumu Ustadha. Kufika ya nne watu walikuwa wamekwisha, nimebaki mimi peke yangu. Alipokwenda kusujudu nikasikia uzi wa kwapa lake unakatika, na mimi nikasujudu nikakaa huko chini muda mrefu. Swala ile nimeirudia, Mungu anisamehe.

Nilipotoa salamu yeye bado. Alipotoa na yeye akaleta nyiradi zake zote, thelathini na tatu mara tatu, bila kuruka hata moja. Halafu akapeleka mkono ubavuni, akachomoa pini, akanipa. "Hii yako," akasema. "Uliisahau." Aliswali nayo rakaa zote nne na hakutikisika.

Mdomo wangu haukuwa na kitu, kwa hiyo ilibidi niseme. Nikasema, "Mama mwenzangu, nimekukatia mikono miwili ya kushoto." Ndiyo sentensi yangu ya kwanza nzima kwake tangu tujuane.

Akasema, "Najua. Tangu Jumanne ya pili."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akakunja mkeka, kona kwa kona. "Mwanangu aliniomba," akasema. "Aliniambia yule mama ana hasira za karibu, kazi yake usiiguse, mvumilie tu, likiharibika hili sina jingine. Nikasema basi nitakuwa nadokeza kidogo kidogo, fundi atajionea mwenyewe. Kumbe fundi analala."

Kisha akanionyesha ule mfuko. Alikuja kuchukua kitambaa chake aende nacho, na jioni amwambie mwanawe kwamba gauni amelisamehe, lakini hajui mtu anaungana vipi ukoo na mwanamke asiyemsemesha, anayempa mafuta ya kuchua mkono mzima, na akiulizwa neno anajilaza sakafuni. Alisema bila ukali wowote. Nusu saa zaidi, Kitinda, na posa ya mwanangu ilikuwa imeingia ndani ya mfuko ule.

Nikamwomba anieleze tena habari ya kitambaa. Akaeleza, mwendo ule ule, akaukosea mwaka ule ule, na safari hii nilisikia kila neno. Kilinunuliwa na marehemu mumewe kwenye safari yake ya mwisho. Alikileta amekiviringisha ndani ya fulana zake kisipate mkunjo, akasema hiki ni cha harusi ya mtoto, na mtoto wakati huo alikuwa wa miaka kumi na miwili. Wiki hiyo hiyo akaugua, hakuinuka tena. Miaka ishirini na miwili kitambaa kimekaa sandukuni kinasubiri harusi. Yote hayo aliniambia Jumanne ya kwanza, na mimi nilikuwa nahesabu viraka vya dari.

Nililia. Nakwambia wewe, shemeji yako nilimwambia ni vumbi la chaki. Nilimwambia Mama Taratibu kwamba hariri ile siwezi kuitafuta popote ikapatikana, na mkono ukishakatwa umekatwa. Yeye mpaka pale alikuwa anadhani unageuzwa tu, kazi ya kufumua na kushona. Akaulaza ule mkono mbovu gotini, akaupapasa. Akasema inna lillahi wa inna ilaihi rajiun, pole pole, kama mtu anayeyajua maneno yale kwa siku nyingi. Kisha akainua uso akaniuliza, "Mtandio hautoi mkono?"

Basi ndilo hilo pigo la kwanza alilotusimulia Ustadha. Nililiona likimtua mtu mbele ya macho yangu, na mdomoni hakuwa na pini hata moja.

Nikapima. Nikapima tena. Kipande cha mtandio kinatoa mkono, ila kitaungwa kidogo chini ya kwapa, mahali ambapo hapaonekani isipokuwa na Mungu na mimi. Mtandio atavaa mwingine. Akasema taratibu, tufumue. Nikachukua kitambaa kibichi nikafuta mistari ya chaki ukutani, yote, maana haikuwa yangu. Tukakaa chini wawili, gauni katikati, tukaanza kufumua wiki sita za mishono yangu. Alikuwa anafumua mshono mmoja mmoja, uzi anauvuta, anautazama, anauweka pembeni. Nilimwangalia mkono ukaniwasha, nikakaza roho. Baadaye nikagundua uzi wake unatoka mzima na hariri haina jeraha, na wangu umeacha matundu. Nikaanza kufumua kama yeye. Pini tulizozichomoa hatukuwa na pa kuziweka, kwa hiyo kila mmoja akazibana mdomoni.

Hivyo ndivyo mpwa wako alivyotukuta aliporudi kazini na koti lake jeupe. Fikiria alichokiona. Gauni la mkwewe liko vipande vipande sakafuni. Mama yake macho mekundu. Mkwewe ameinamisha kichwa. Hakuna anayesema neno. Alisimama mlangoni, akatutazama, akaweka mkoba chini polepole. Akasema, "Sawa, mama." Akageuka akaenda jikoni.

Nikasikia bomba linafunguliwa. Nikasikia vikombe. Kitinda, vikombe vilikuwa visafi.

Hapo ndipo iliponiingia. Miaka mitatu nimesifia utulivu wa mtoto, na hakuwa mtulivu, alikuwa ananisubiri mimi. Alikuwa ananiogopa. Mwanangu wa kumzaa, mtu mzima, ameosha vikombe visafi kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kufanya na moyo wake. Nilitaka kumwita na siwezi, mdomo umejaa pini. Nikaanza kuzitoa, moja, mbili. Na Mama Taratibu, yule ambaye ngazi kumi na nane zinamchukua muda wa kupiga pasi shati, alikuwa ameshafika jikoni. Sikujua kwamba anaweza kukimbia. Akamkumbatia mkwewe kwa nguvu, pini bado mdomoni, zikamchoma begani, mpwa wako akaruka na kikombe mkononi. Kikombe kikavunjika. Tukatazamana watatu, tukaanza kucheka mpaka shemeji yako akaja na gazeti lake kuuliza nani ameumia.

Usiku wa kuamkia leo nimemwomba mwanangu msamaha, nikamwambia asiniambie tena sawa kama si sawa. Akafikiri. Akasema, "Sawa, mama." Kisha akasema, "Chakula cha jana kilikuwa na chumvi ya kutosha." Nimefurahi mpaka nikakosa la kusema, na unajua mimi huwa silikosi.

Harusi ni Ijumaa ya pili ya mwezi ujao, baada ya swala, inshallah. Gauni limekwisha, mkono wa kulia ni wa kulia. Nimemzunguka mara nne.

Sasa nakuja kwako. Tangu Jumanne ile nimekaa nahesabu upya ni nani amekuwa akimsubiri nani katika nyumba hii, na kila nikihesabu nafika kwako. Siku ulipoondoka ulinijulisha asubuhi ile ile, tiketi ikiwa tayari mfukoni, na mimi nikakwambia mbele ya watu wote kituoni, "Nenda, na ukifika usiniandikie." Nililisema kwa sababu niliumia, nilikulea mimi, nilidhani nitaambiwa wa kwanza. Ulinitazama tu, ukapanda. Baada ya wiki tatu barua ikaja, "Dada yangu mpendwa, goti linaendeleaje?" Miaka tisa umeandika kila mwezi, hukulitaja lile neno hata mara moja, na mimi miaka tisa nimempa kalamu shemeji yako kwa sababu sikujua niandike nini kabla ya kuandika nisamehe. Nisamehe, Kitinda. Nilikosea siku ile ile, na nililijua kosa langu kabla gari halijakata kona.

Njoo harusini. Suti yako nitaishona mimi. Mwambie wifi yangu akupime kifua, bega na urefu, na mikono akupime yote miwili, wa kulia na wa kushoto, asikisie. Nitakata nikiwa nimekaa, mdomo mtupu, na kiolezo nitakigeuza.

Nisalimie wifi yangu, mwambie bado namdai maelezo kuhusu zile soksi. Wanao wabusu, waambie shangazi yao ana mdomo mkali lakini sindano yake ni nzuri. Mpwa wako anamsalimu mjomba wake sana. Shemeji yako anakusalimu, ameisoma barua hii na kuweka alama nyekundu mahali pawili, na nimemwacha. Mama Taratibu pia anakusalimu, alianza salamu zake jana na hajamaliza, zilizobaki nitakupa kwa mdomo ukifika.

Mwenyezi Mungu akulinde njiani, akufikishe kwangu salama, na akulipe kwa miaka yote tisa bila hesabu.

Dada yako, aliyekupenda hata pale kituoni,

Kiberiti